Maisha ya Charles Darwin, na Imani ya Mkewe

Jina la Charles Darwin limetajwa mara nyingi mimbarani, na mara nyingi limetajwa kwa ubaya. Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu twawakumbuka wanafunzi waliokuja na daftari la sayansi mkono mmoja na Biblia mkono wa pili, wakitaka waambiwe ni kipi kati ya hivyo viwili wakitupe. Katika ukurasa huu hatukusudii kuamua habari ya nyani na binadamu. Twataka kueleza maisha ya bwana huyo nyumbani kwake, kwa maana ndani ya nyumba hiyo walikaa mume na mke waliopendana kwa miaka 43, mmoja akitumaini uzima wa milele na mwenzake asiweze kuutumaini. Nyumba za namna hiyo zimo katika mtaa wetu pia, na wasomaji wanazijua.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye mali, ambaye moyoni hakuwa na dini, ingawa hakulitangaza jambo hilo. Mama yake alitoka katika jamaa ya Wedgwood, wafinyanzi mashuhuri wa vyombo vya udongo. Wengi wa jamaa hiyo walikuwa Waunitari, yaani watu wasiokiri fundisho la Utatu. Mtoto alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akafiwa na mama yake alipokuwa na miaka 8.

Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari. Siku hizo hapakuwa na dawa ya usingizi, na alipomwona mtoto akipasuliwa alikimbia nje, wala hakurudi tena katika chumba kile. Baba yake akaona kwamba kijana akikataa udaktari, basi na awe kasisi. Hivyo mtu huyu ambaye wengi wamemhesabu kuwa adui wa Kanisa alikwenda Cambridge kwa kusudi la kuwa kasisi wa Kianglikana! Hakuwa mwanafunzi hodari sana. Alipenda kukusanya mbawakawa kuliko kusoma vitabu. Siku moja alikuwa na mbawakawa mmoja katika kila mkono, akamwona wa tatu wa aina ngeni. Ili aupate mkono mtupu alimtia mmoja kinywani, naye akammwagia maji makali yaliyomchoma ulimi, hata akamtema, na yule wa tatu akampotea.

Aliyemfungulia njia ya maisha alikuwa kasisi, John Stevens Henslow, mwalimu wa elimu ya mimea hapo Cambridge. Kwa msaada wake Darwin alipata nafasi katika merikebu ya Beagle, iliyong'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831 na kurudi Oktoba 1836, baada ya kuizunguka dunia. Alipanda merikebu akiwa na miaka 22, akiamini Biblia neno kwa neno, hata maofisa wengine wakamcheka kwa kuitaja kila walipobishana juu ya mema na mabaya. Alipotembea nchi kavu, kitabu alichochukua mara nyingi kilikuwa utenzi wa Milton juu ya kupotea kwa Paradiso. Huko Brazil aliuona utumwa kwa macho yake, akauchukia kwa maisha yake yote, na kwa ajili yake aligombana na nahodha wake FitzRoy.

Alipokwisha kurudi alianza kufikiri juu ya kuoa, na jinsi alivyofikiri yatuchekesha hata leo. Mwaka 1838 alichukua karatasi, upande mmoja akaorodhesha faida za kuoa na upande wa pili hasara zake, kama mtu apigaye hesabu za duka. Upande wa hasara aliweka kupoteza wakati na kukosa fedha za vitabu. Upande wa faida aliweka watoto, na mwenzi wa uzeeni, ambaye kwa vyovyote angekuwa bora kuliko mbwa. Upande wa kuoa ukashinda, naye akamposa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake.

Emma alikuwa mwanamke mchangamfu, hodari wa kupiga piano, na mwenye dini ya moyoni. Mwaka 1832 alifiwa na dada yake Fanny, ambaye walikuwa wakifuatana daima, na tumaini lake kubwa tangu siku ile lilikuwa kwamba ataonana naye tena mbinguni. Kwake uzima wa milele ulikuwa na sura ya mtu.

Sasa Darwin alikuwa ameanza kuona shaka katika dini, na baba yake alimshauri amfiche mchumba wake jambo hilo. Mzee alikuwa amewaona wanawake wengi wakitaabika vitandani pa waume wagonjwa, wakihofu kwamba waume hao hawataokoka. Darwin hakulifuata shauri hilo. Alimweleza Emma yote. Emma akashukuru kwa kutofichwa, akamwomba asome katika Injili ya Yohana maneno ya Bwana wetu alipokuwa akiwaaga wanafunzi wake. Wakaoana tarehe 29 Januari 1839.

Muda mfupi baada ya arusi Emma alimwandikia mumewe barua, ingawa walikaa nyumba moja. Yako mambo ambayo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema. Alimwambia kwamba mtu akitafuta kweli kwa unyofu hawezi kuwa mkosaji. Lakini aliogopa kwamba mazoea ya kutoamini jambo lolote mpaka lithibitishwe yanaweza kumfunga macho asione mambo yasiyothibitika kwa njia hiyo. Tena alimwambia ya kuwa angekuwa na huzuni nyingi kama angefikiri kwamba hawatakuwa wa mmoja na mwenzake milele. Darwin aliitunza barua ile maisha yake yote. Juu yake aliandika maneno machache kwa ajili ya siku ambayo yeye atakuwa amekufa, ili mkewe ajue kwamba mara nyingi aliibusu na kuililia.

Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Downe katika wilaya ya Kent, na hapo ndipo alipokaa mpaka kufa. Alikuwa mgonjwa muda mwingi, akitapika na kukosa usingizi, na Emma ndiye aliyemwuguza. Katika bustani alitengeneza njia ya mchanga, akiizunguka kila siku huku akifikiri. Mwanzoni aliweka rundo la mawe madogo, na kila mzunguko alisukuma jiwe moja kwa mguu, asije akapoteza hesabu. Kwa miaka 8 alichunguza viumbe vidogo vigandavyo kwenye mawe ya pwani na chini ya merikebu. Kazi hiyo aliifanya nyumbani, watoto wakiingia na kutoka.

Jumapili Emma aliwapeleka watoto katika kanisa la kijiji. Mkusanyiko ulipogeuka kuelekea madhabahu kwa kusema Kanuni ya Imani, jamaa hiyo ya Kiunitari ilibaki imetazama mbele, imara kama askari. Baadaye Darwin aliacha kuingia ibadani. Aliwasindikiza jamaa zake mpaka kanisani, kisha yeye akaenda zake kutembea.

Walizaa watoto 10, na watatu walikufa wakiwa wadogo. Mmoja wa hao watatu alikuwa Annie. Alikuwa mtoto wa kufurahisha nyumba, mwenye kupenda kumtengeneza baba yake nywele, tena alikuwa akishuka ngazi mbio akimletea kwa siri ugoro kidogo, ambao mama alikuwa akimkataza mzee. Mwaka 1851, akiwa na miaka 10, aliugua, wakampeleka Malvern kwa daktari aliyetibu kwa maji. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya Darwin alikwenda kwake, akafika siku iliyotangulia Ijumaa Kuu. Emma hakuweza kusafiri, maana alikuwa karibu kujifungua. Basi kwa juma lile lote, Ijumaa Kuu na Pasaka yenyewe, baba alikaa kando ya kitanda, akimpa mtoto maji kwa kijiko, akimwandikia mkewe habari mara kwa mara, siku moja za matumaini na siku ya pili za kukata tamaa. Jumatano baada ya Pasaka, tarehe 23 Aprili, mtoto alifariki dunia. Alizikwa Malvern, baba yake akiwa amekwisha kurudi kwa Emma.

Juma moja baadaye Darwin aliketi akaandika kurasa chache juu ya sura ya mtoto huyo, cheko lake, na ule ugoro, ili wasije wakamsahau. Emma kwa upande wake aliweka vitu vya Annie katika sanduku dogo la kuandikia alilokuwa akitumia mtoto, akalitunza mpaka uzeeni. Mmoja aliamini kwamba atamwona tena, na mwingine hakuamini. Ila twaona kwamba walifanya jambo lile lile. Henrietta, mdogo wake Annie, alianza kumwuliza mama maswali mazito juu ya mbinguni na jehanamu, na mama ndiye aliyejibu.

Wapo wasemao kwamba kifo hicho ndicho kilichoua imani ya Darwin. Sisi twaona kwamba jambo lilianza zamani zaidi, tena lilikuwa na mizizi mingi. Baba yake alikufa mwaka 1848, na Darwin hakuweza kukubali fundisho kwamba mtu mwema kama huyo amehukumiwa adhabu ya milele kwa sababu hakuamini. Jambo hilo lilimchukiza kuliko mengine yote. Tena alitazama maumivu ya viumbe. Mwaka 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo thabiti, kwamba hawezi kusadiki kuwa Mungu mwema aliumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao huishi kwa kumla kiwavi akiwa hai. Gray hakuacha imani yake, wala Darwin hakuuacha urafiki. Swali hilo si la mpumbavu. Ayubu aliuliza kama hilo, na limo katika Biblia yetu.

Kitabu chake kikubwa juu ya asili ya aina za viumbe kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, na wauza vitabu walizichukua zote mara moja. Mwaka uliotangulia, mawazo yake na ya Alfred Russel Wallace yaliposomwa kwa mara ya kwanza mbele ya wataalamu huko London, Darwin hakuwapo, kwa maana siku hizo alikuwa katika msiba wa mtoto wake mdogo wa kiume, Charles Waring. Askofu Wilberforce alikipinga kitabu. Kasisi Charles Kingsley alikisifu, akaona kwamba haimshushii Mungu utukufu kama ameumba viumbe viwezavyo kubadilika vyenyewe. Tangu mwanzo Waanglikana walikuwa pande zote mbili, jambo ambalo wahubiri wengine hulisahau.

Mtu akiuliza Darwin alikuwa nani kwa dini, yeye mwenyewe alijieleza mwaka 1879 kwamba hajapata kamwe kuwa mtu wa kukana kwamba Mungu yupo, bali jina limfaalo zaidi ni Agnostiki. Jina hilo lilitungwa na rafiki yake Huxley mwaka 1869, na maana yake ni mtu asemaye kwamba hajui.

Lakini hebu tumtazame katika mtaa wake. Kasisi John Innes alikuwa rafiki yake kwa miaka mingi. Walipingana karibu katika kila jambo, na walipokubaliana mara moja walitazamana kwa mshangao. Kwa karibu miaka 30 Darwin alikuwa mweka hazina wa chama cha kusaidiana cha wanakijiji. Aliweka pia hesabu za mfuko wa makaa ya mawe na nguo kwa maskini, na fedha za shule. Innes alipohamia Scotland, na makasisi wasaidizi waliofuata wakaleta matata, asiyekuja ibadani ndiye aliyemwandikia Innes kumweleza mambo ya kanisa yanavyokwenda. Kasisi mwingine aliyekuja baadaye alichukizwa kwa sababu Emma na Darwin walitaka chumba cha shule kitumiwe jioni na vibarua kwa kusomea magazeti. Mzee hakususa fedha zake kwa maskini.

Aliwahi pia kutoa fedha kwa misioni yetu ya Kianglikana katika Amerika ya Kusini. Zamani za Beagle alikuwa ameona watu wa Tierra del Fuego, akafikiri kwamba hakuna awezaye kuwaelimisha. Habari za kazi ya misioni zilipomfikia alikiri kwamba alikuwa amekosea, akaendelea kutuma mchango wake. Wangapi kati yetu tuliobatizwa na kuthibitishwa hatuna risiti ya mchango wa mwaka huu?

Je, aliishi maisha kamili? Yeye mwenyewe alijiuliza hivyo. Katika habari za maisha yake alizowaandikia jamaa zake mwaka 1876, alisikitika kwamba akili yake imekuwa kama mashine ya kusaga mambo na kutoa kanuni. Mashairi aliyoyapenda ujanani yalikuwa yakimchosha sasa, na muziki ulimfanya afikirie kazi tu. Alisema kwamba kama angepewa kuishi tena, angejiwekea sheria ya kusoma mashairi kidogo na kusikiliza muziki angalau mara moja kila juma, kwa sababu aliona kuwa kuyapoteza hayo ni kupoteza furaha, na labda hudhuru hata tabia ya mtu. Maneno haya yametugusa kuliko ya nyigu. Mtu aliyeiona dunia nzima hakujuta kukosa cheo wala fedha.

Hata hivyo jioni zake hazikuwa kavu. Emma alimsomea riwaya kwa sauti, naye akapenda zaidi zile zinazoishia kwa furaha. Kila usiku walicheza michezo miwili ya backgammon, mchezo wa kete na dado, na Darwin aliandika matokeo kwa miaka mingi. Mwaka 1876 alimwarifu Asa Gray kwa furaha ya kitoto kwamba yeye amekwisha kushinda mara 2,795, na mkewe mara 2,490 tu.

Emma hakuacha kumwombea. Juni 1861, mumewe alipokuwa akiteseka sana, alimwandikia barua nyingine, akimwomba aelekeze mateso yake kwa Mungu. Yule asiyejua kama Mungu yupo aliandika chini yake kumtakia mkewe baraka ya Mungu.

Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu, wale wadudu wa ardhini tuwaonao tukilima baada ya mvua, na jinsi wanavyoufanya udongo kuwa mzuri. Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kushindwa. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, miaka 73, Emma na baadhi ya watoto wakiwa karibu naye. Aliwaambia kwamba haogopi kufa hata kidogo, akamwambia Emma akumbuke jinsi alivyokuwa mke mwema.

Hapa hatuna budi kutaja hadithi moja. Mwaka 1915 gazeti la Wabaptisti huko Boston, Marekani, lilichapa habari za mwanamke aitwaye Lady Hope, aliyesema kwamba alimkuta Darwin mgonjwa akisoma Waraka kwa Waebrania na kujutia mafundisho yake. Habari hiyo imesafiri ikafika hata Afrika, na tumeisikia ikihubiriwa. Mwaka 1922 Henrietta, aliyekuwapo wakati baba yake alipokata roho, aliikana katika gazeti la Kikristo, akieleza kwamba baba yake hakugeuza mawazo yake wakati ule wala kabla. Tumwamini binti. Emma ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ya neno la namna hiyo kutoka kinywani mwa mumewe, na kama lingesemwa, angelisikia. Aliishi miaka 14 baada yake, wala hakulibuni.

Jamaa walitaka kumzika Downe, lakini wakuu wa sayansi na wabunge 20 walimwomba Mkuu wa Kanisa la Westminster Abbey, naye akakubali. Tarehe 26 Aprili alizikwa humo kwa ibada ya Kianglikana, karibu na Newton. Miongoni mwa walioshika jeneza walikuwamo Wallace, Huxley, na Kanoni Farrar. Miaka 8 kabla yake alizikwa humo David Livingstone, ambaye mwili wake ulichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao kutoka bara mpaka Bagamoyo, na Jacob Wainwright akaufuata hadi kaburini. Kanisa moja limewapokea wote wawili.

Emma hakwenda London siku ya mazishi. Alibaki Downe. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1896, akiwa na miaka 88, akazikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji, walipolala watoto wake wawili wachanga. Annie yuko Malvern, na mume yuko London, mwendo wa maili kama 15 kutoka kaburi la mkewe. Ile barua ya mwaka 1839, pamoja na maandishi ya Darwin juu yake, imehifadhiwa Cambridge mpaka leo.